Kwa Nini Ntini Hakupanda Basi

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hiyo nimeiandika katika insha tangu darasa la nne na kupewa alama nzuri, lakini maana yake kamili niliipata nikiwa Kidato cha Pili, mbele ya chama chetu hiki hiki cha Kiswahili. Mpenzi msomaji, tega sikio nikusimulie.

Mwaka wa 2020, korona ilipobisha hodi na shule zote nchini zikafungwa, nilipelekwa kukaa kwa mjomba wangu jijini Nairobi. Mjomba ni mtunzaji wa uwanja wa kriketi. Kazi yake ni kukata nyasi, kumwagilia maji na kuvuta rola mpaka ile sehemu ya katikati iwe ngumu kama sakafu. Wengi wetu hudhani kriketi ni mchezo wa Wahindi na Waingereza peke yao. Ukimwambia mjomba maneno hayo, utakoma! Atakukumbusha kwamba tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune kule India, Kenya iliilaza West Indies katika Kombe la Dunia. Sisi tulipata mikimbio 166, nao wakatolewa wote kwa 93. Kisha ataongeza kwamba mwaka wa 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe hilo. "Na hao walikuwa watoto wa hapa hapa, bana," husema, huku akijipiga kifua kana kwamba yeye ndiye aliyerusha mpira.

Lakini shujaa wa mjomba si Mkenya. Ni Makhaya Ntini wa Afrika Kusini.

Ntini alizaliwa mwaka wa 1977 katika kijiji cha Mdingi, karibu na King William's Town, mkoa unaoitwa leo Eastern Cape. Enzi zile ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria ya nchi. Mweusi hakuwa na kura, wala hakuruhusiwa kukaa apendapo. Kwa sababu ya dhuluma hiyo, timu ya kriketi ya Afrika Kusini, ambayo ilikuwa ya weupe watupu, ilitengwa na ulimwengu kuanzia mwaka wa 1970, ikarudi uwanjani mwaka wa 1991 tu, baada ya Mandela kutoka gerezani.

Kijana Makhaya alikuwa mchunga ng'ombe, tena miguu mitupu. Siku moja Raymond Booi, aliyekuwa akitafuta vipaji vijijini kwa niaba ya chama cha kriketi cha sehemu hiyo, alimwona akirusha mpira. Akamwazima raba. Baadaye Ntini akapata nafasi katika shule ya Dale College, shule ya watu wenye uwezo, naye hata Kiingereza kilikuwa kikimpiga chenga.

Mti mkuu huanza na mbegu ndogo. Mwaka wa 1998 Ntini akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini mechi ya Test, zile mechi za siku tano. Watu walinong'ona kwamba amewekwa pale kwa sababu ya rangi yake. Yeye akajibu kwa mpira. Mwaka wa 2003, katika uwanja wa Lord's jijini London, alichukua wiketi kumi katika mechi moja, jambo ambalo hakuna Mwafrika Kusini aliyewahi kulifanya pale. Wiketi moja, kwa wasiojua, ni mpigaji mmoja kuondolewa uwanjani. Mwaka wa 2005, kule Trinidad, alichukua 13 kwa mikimbio 132, rekodi ya nchi yake kwa mechi moja. Alipostaafu alikuwa amecheza mechi za Test 101 na kuchukua wiketi 390. Mashabiki walimwita Mdingi Express, yaani gari moshi la Mdingi, maana alikuwa hachoki. Na kila mara alikuwa akitabasamu.

Sifa moja ya Ntini iliyojulikana kote ni kwamba alipenda kukimbia. Asubuhi ya mechi, wenzake walipopanda basi hotelini, yeye alimkabidhi dereva mkoba wake, akakimbia kwa miguu hadi uwanjani. Jioni vivyo hivyo. Watu wakasema, "Ona bidii hiyo! Ona mapafu hayo!"

Kumbe!

Mnamo Julai 2020 dunia nzima ilikuwa ikizungumzia ubaguzi, baada ya George Floyd kuuawa na polisi kule Marekani. Kijana Lungi Ngidi, naye mrushaji wa Afrika Kusini, alikuwa amesema kwamba timu yao haina budi kulichukulia jambo hilo kwa uzito. Wachezaji kadhaa wa zamani wakamkemea. Hapo ndipo Ntini, aliyekwisha kustaafu miaka mingi, alipofungua kinywa kwenye televisheni ya SABC. Mjomba alinionyesha mahojiano hayo kwenye simu yake, tumekaa kwenye ngazi za nyumba, kila mtu na barakoa yake.

Ntini alisema kwamba miaka yote ile alikuwa mpweke. Hakuna aliyebisha mlango wa chumba chake kumwambia twende tukale. Wenzake walipanga safari za jioni mbele ya macho yake, wakamruka kama hayupo. Akiingia kwenye chumba cha staftahi, hakuna aliyekuja kukaa naye. Ndani ya basi, akikaa nyuma, wao walikwenda mbele. Walivaa sare moja na kuimba wimbo mmoja wa taifa, lakini meza hawakula moja. Basi akaona heri akimbie. Hakuwa akifanya mazoezi. Alikuwa akiukimbia upweke wa lile basi. Tena alisema kwamba wakishinda ilikuwa furaha, lakini wakishindwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulaumiwa. Na lililomuuma zaidi ni kwamba mwanawe, Thando, ambaye naye ni mchezaji, alikuwa amepitia mambo kama hayo hayo.

Nilimuuliza mjomba, "Mbona hakusema wakati ule?"

Mjomba alinitazama kitambo. "Kijana wangu, angesema nini? Mtu akikupiga kofi, utaonyesha shavu. Asipokusalimia, utaonyesha nini?"

Neno hilo lilinikaa moyoni. Angalau nilidhani limenikaa.

Haya, sasa tuje kwetu. Nilipokuwa Kidato cha Pili, chama chetu kilipanga Ijumaa moja wanachama wazungumze juu ya "Mwanamichezo Nimpendaye". Mimi nilimchagua Ntini. Nilisimama kifua mbele, nikamwaga methali, nikapandisha na kushusha sauti. Nilipofika pale pa basi, ukumbi ulinyamaza kimya kama maji ya mtungini. Nilipomaliza, makofi yalipigwa mpaka mabati yakatikisika. Nikajiona bingwa.

Mwalimu akauliza kama kuna mwenye swali. Mkono mmoja ukainuka kule nyuma kabisa. Alikuwa mvulana aliyehamia kwetu muhula wa kwanza kutoka kaskazini mwa nchi. Jina lake silitaji. Alikuwa hazungumzi sana, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao.

"Hao wenzake," akauliza polepole, "walimtukana?"

"La," nikajibu. "Hakusema kwamba walimtukana."

"Walimpiga?"

"La."

"Sasa walimfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu," nikasema. "Walimwacha tu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea chenji yake ikawa sawasawa, akakaa. Hakusema lolote zaidi. Mwalimu akashukuru, tukafunga mkutano. Wenzangu wakanipongeza mlangoni. Lakini mimi, msomaji wangu, nilihisi kama niliyemezwa na nyoka.

Kwa nini? Kwa sababu mvulana yule alikuwa bweni moja na mimi, kitanda cha tatu kutoka changu. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko yetu sote. Wiki ya kwanza alipoingia bwenini usiku, mtu mmoja alipaaza sauti, "Jamani, stima zimepotea!" Bweni zima likaangua kicheko. Utani ule ukawa wa kila siku. Hata katika ukumbi wa maankuli, akipita na sahani yake ya githeri, utasikia "stima! stima!" Basi akazoea kula kwenye meza ya pembeni, karibu na mlango wa jikoni, peke yake.

Mtu aliyetunga utani ule ni mimi.

Usiku huo sikupata lepe la usingizi. Nilianza kuyahesabu mambo niliyokuwa nikiyaona bila kuyaona. Kila alfajiri yule kijana aliamka kabla ya kengele, akaenda darasani gizani. Sisi tukasema, "Huyu ni msongo, anataka kuongoza darasa." Alikuwa winga wa timu yetu ya kandanda, mwenye mbio za ajabu, na sote tulimshangilia akifunga bao. Lakini tukirudi kutoka mechi, sisi tukiimba nyuma ya basi la shule, yeye alikaa mbele karibu na dereva. Sisi tukasema, "Huyo anapenda kuona barabara." Kila jambo tulilipa sababu, na kila sababu ilituacha sisi tukiwa watu wema. Nadhani hata wenzake Ntini walilala usingizi mnono kwa njia hiyo hiyo.

Mimi nilijua hadithi ya Ntini kwa miaka mitatu. Niliijua tarehe kwa tarehe, wiketi kwa wiketi. Haikunizuia. Nilikuwa nimejiweka upande wa Ntini katika hadithi ile, kwa kuwa mimi pia ni mweusi. Haikunipitikia hata siku moja kwamba ningeweza kuwa abiria wa lile basi.

Jumapili jioni nilichukua sahani yangu, nikaenda kwenye meza ya pembeni. Wee! Ukumbi mzima ulinitolea macho. Nikakaa. Yeye hakuinua uso.

"Umetumwa na mwalimu?" akauliza.

"Hapana."

"Basi unataka nini?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya kuomba msamaha. Yote iliyeyuka. Nikasema tu, "Ile maneno ya stima. Nilianzisha mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuwa pale."

Akala githeri yake mpaka ikaisha, akaondoka. Nilibaki na sahani yangu, nimekauka kama kuni. Nilitamani anisamehe pale pale ili nirudi mezani kwetu nikiwa mwepesi. Lakini msamaha si chai ya saa nne, ati kengele ikilia unapewa. Kesho yake nikarudi. Na kesho kutwa. Rafiki zangu wawili walinikejeli, wakasema nimehamia kaskazini. Mmoja wao, baada ya majuma kama mawili, alikuja na sahani yake akakaa bila kusema neno. Utani wa stima haukufa siku moja. Ulipungua kama mvua inavyokatika. Siku moja mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliurusha, nami nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mimi ndiye fundi wa neno hilo, na kwamba ninalionea aibu. Magoti yalikuwa yakinigongana. Nilielewa kidogo ni kwa nini Ntini alichukua miaka mingi kusema. Na mimi nilikuwa nasema na watoto wa Kidato cha Kwanza tu!

Wapo watakaosema ninakuza jambo dogo. Ati utani wa shule ni utani, kila mtu ana jina lake la utani. Ni kweli, mimi mwenyewe huitwa Kichwa Maji. Lakini nikiitwa hivyo mimi hucheka, kisha nafasi yangu mezani inabaki pale pale. Jina likimwondoa mtu mezani, hilo si utani tena.

Mwaka wa 2021 chama cha kriketi cha Afrika Kusini kiliwaita wachezaji na makocha waje watoe ushahidi juu ya ubaguzi, na wengi walijitokeza na machungu yaliyokaa vifuani miaka na miaka. Hapo nilijifunza kwamba mtu mmoja akithubutu, wengine hupata sauti. Lakini nisingependa tungoje mtu astaafu ndipo tumuulize kwa nini alikuwa anakimbia.

Sasa tuko Kidato cha Nne. Yule kijana ndiye nahodha wa timu. Bado huamka kabla ya kengele. Husema amezoea, na hesabu huingia vizuri kukiwa kimya. Kwenye basi bado hupenda kukaa karibu na dereva. Tofauti ni kwamba siku hizi kiti cha kando yake hakikai kitupu, na tukichelewa kupanda hupiga kelele, "Nyinyi, njooni, mnangojwa!" Nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya, alifikiri kisha akasema, "Andika. Lakini jina lako ndilo ulitaje kwanza, si langu." Mhariri ametukubalia sote tusitaje majina, lakini mnaokaa bweni letu mnanijua.

Nikitazama saa, kengele ya prepu inakaribia, na kalamu yangu inaanza kulia njaa ya wino. Nawaomba jambo moja tu, wenzangu. Leo jioni mkiingia ukumbini, kabla ya kuanza kula, tazameni nani amekaa peke yake. Msimpe sababu nyinyi. Nendeni mkamuulize.