Barua kutoka Leicester: Kabla ya Kununua Gari la Umeme, Uliza Litalala Wapi

Ndugu zangu mlioko nyumbani,

Tangu magari ya umeme yaanze kuonekana kwenye barabara za Dar es Salaam na Arusha, jamaa wananiuliza swali moja: je, yanalipa? Wengine wanataka niwatafutie Nissan Leaf iliyotumika huku Uingereza. Wengine wanataka kujua tu kama ni kweli mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kupita sheli. Ninaendesha gari la umeme, na ninaishi na watu wanaotafutia riziki zao barabarani. Nitawajibu kwa hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuanze na kipimo. Uniti ya umeme ya huku ni ileile mnayonunua kwa LUKU. Gari la umeme la ukubwa wa kawaida hula takriban uniti 18 kwa kilomita 100. Hapo magari hayapishani sana. Kinachopishana ni mahali unaponunua hizo uniti.

Mwenye nyumba iliyo na sehemu yake ya kuegesha hufungiwa chaja ukutani, kazi inayogharimu takriban pauni 1,000. Kisha hujiunga na bei ya usiku, ambayo mwaka 2025 ilikuwa karibu peni 7 kwa uniti. Kilomita 100 zinamgharimu pauni 1 na peni 26. Akichaji kwa bei ya kawaida ya nyumbani, ambayo mwaka huo ilikuwa karibu peni 26 kwa uniti, analipa pauni 4 na peni 68. Asiye na pa kuchomeka nyumbani huenda kwenye mashine za haraka za barabarani, na wastani wa mashine hizo mwaka huo ulikuwa karibu peni 76. Huyu analipa pauni 13 na peni 68 kwa mwendo uleule. Gari la petroli linalokula lita 6.5 kwa kilomita 100, kwa bei ya mwaka huo ya karibu pauni 1 na peni 35 kwa lita, linatumia pauni 8 na peni 78.

Zisomeni tena hesabu hizo polepole. Watu wawili wana gari la aina moja, wanapita barabara moja, lakini mmoja analipa karibu mara 11 ya mwenzake, na analipa zaidi hata ya jirani yake mwenye gari la petroli. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana ukuta wake mwenyewe. Kodi nayo inaongeza mzigo palepale: umeme wa nyumbani hutozwa VAT ya asilimia 5, na umeme wa mashine za barabarani asilimia 20. Mwenye nafasi hutozwa kidogo, asiye nayo hutozwa zaidi.

Jambo hili linaniuma kwa sababu nawajua wanaoumia. Wengi wetu kutoka Afrika Mashariki huku tunafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Dada zetu huondoka alfajiri kwenda kumwogesha mzee mtaa huu, kumpa dawa bibi mtaa wa pili, kumwandalia chakula mwingine mtaa wa tatu, kutwa nzima wakikatiza mji kwa safari fupifupi za kusimama na kuondoka. Kazi hiyo inalifaa sana gari la umeme, kwa kuwa kila unapopunguza mwendo mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Lakini wengi wao wamepanga ghorofani, au kwenye nyumba za kushikana ambazo milango yake inafungukia barabarani. Kupitisha waya juu ya njia ya waendao kwa miguu kunahitaji ruhusa ya halmashauri, na katika maeneo mengi hakuruhusiwi kabisa. Kwa hiyo mtu aliyemaliza zamu usiku, miguu ikiwaka moto, anakwenda kukaa kwenye maegesho ya duka kusubiri gari lijae kwa bei ya peni 76. Mimi nina sehemu ya kuegesha mlangoni kwangu, hivyo nafuu hii ninaifaidi. Nisingekuwa nayo, nisingenunua.

Gharama nyingine nitazipitia kwa kifupi. Gari hili halina oili ya injini ya kumwaga, halina plagi, halina mkanda wa taimingi, na breki zake hudumu kwa sababu mota ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Kwa upande wa pili, betri inaliongezea uzito wa mamia ya kilo, na uzito huo huonekana kwenye matairi. Bima huku mara nyingi huwa juu kuliko ya gari la petroli la ukubwa uleule. Wakati wa baridi, umbali linaoweza kwenda kwa chaji moja hupungua kwa robo hivi, wakati mwingine zaidi, kwa sababu betri huzubaa kwenye baridi na gari halina joto la injini la kukupasha, hivyo hulazimika kutumia umeme wa betri hiyohiyo kukutengenezea joto.

Halafu kuna serikali. Kwa miaka mingi mwenye gari la umeme hakulipa kodi ya mwaka ya barabara. Msamaha huo ulikwisha Aprili 2025. Ada ya kuingia katikati ya London, ambayo magari haya yalikuwa hayalipi, ilianza kutozwa kwa magari hayo Januari 2026. Na Novemba 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia 2028 magari ya umeme yatalipa peni 3 kwa kila maili. Kwa kilomita 100 hiyo ni karibu pauni 1 na peni 86, yaani zaidi ya bei yote ya umeme wa usiku. Hata hivyo, mwenye chaja nyumbani bado atakuwa chini ya mwenye petroli. Lakini jifunzeni kitu hapa: msamaha wa kodi ni wa kuwavuta wanunuzi wa mwanzo, nao huondolewa wakishakuwa wengi. Usinunue gari la kukaa nalo miaka 10 kwa hesabu ya kodi ya mwaka mmoja.

Sasa tuje kwetu. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, uniti moja ya LUKU pamoja na makato yake ni karibu shilingi 356. Uniti 18 ni kama shilingi 6,400. Petroli Dar es Salaam mwaka 2025 ilikuwa inazunguka shilingi 2,900 kwa lita. Gari dogo linalokula lita 8 kwenye foleni zetu litameza zaidi ya shilingi 23,000 kwa kilomita zilezile 100. Hiyo ni nafuu ya kweli, na huhitaji bei ya usiku kuipata. Umeme wenyewe tunao: bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Petroli yote, kwa upande mwingine, tunaiagiza kwa fedha za kigeni.

Hata plagi yetu ya pini tatu ni hiihii ya Uingereza. Ukichaji kwa soketi ya kawaida unapata kama kilowati 2.3, hivyo betri ya uniti 40 iliyokwisha kabisa itachukua zaidi ya saa 17 kujaa. Kwa anayekwenda kazini na kurudi kilomita 50, inatosha kabisa, maana anarudishia uniti 9 tu, takriban saa 4. Lakini fundi umeme akague kwanza waya za nyumba. Soketi iliyozoea kuchaji simu na kupiga pasi haijawahi kubeba mzigo mkubwa usiku kucha, na waya wa bei rahisi ukutani unaweza kuunguza nyumba.

Swali la Leicester, la wapi gari litalala, linawasubiri na ninyi. Mwenye nyumba yake Mbezi, yenye uzio na mita yake, ataifaidi nafuu hii. Je, mpangaji wa chumba Manzese, anayegawana mita moja na familia tano? Tunajua ugomvi unaozuka kwa ajili ya friji moja. Mtu akiingiza gari kwenye mita hiyo, nyumba itawaka moto bila kiberiti. Na wapangaji ndio wengi mijini.

Kwa wanaoniomba Leaf, nawaambia hivi. Magari hayo yalianza kuuzwa mwishoni mwa 2010 yakiwa na betri ya uniti 24, na ya kizazi cha pili yalikuja na uniti 40. Betri ya Leaf hizo haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto ndilo linalozeesha betri. Hali ya hewa ya Tanga na Dar si rafiki kwake. Kabla hujatuma senti, omba picha ya dashibodi likiwa limewashwa. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vistari vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Vikibaki 8, acha, hata kama bodi inang'aa. Pia uliza tundu la chaji ya haraka: Leaf hizo hutumia mtindo wa CHAdeMO, ambao watengenezaji wengi wa Ulaya hawautumii, na mashine mpya zinaweza zisikufae. Ushuru waulizeni TRA kabla, msiulize mkiwa bandarini.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Linakulipa kama una mahali pake pa kulala na mita yako mwenyewe, kama safari zako za kila siku hazizidi nusu ya uwezo wa betri, na kama yupo fundi anayelifahamu katika mji wako. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, subiri. Anayeendesha bodaboda au bajaji asisubiri gari. Betri ndogo za kubadilishana kituoni, kama inavyofanyika Kigali na Nairobi, zinamfaa zaidi, kwa kuwa hazimdai awe na nyumba.

Na kwa wanaojenga nyumba za kupangisha leo, nina ombi moja. Mkiwa bado kwenye msingi, mpeni kila mpangaji mita yake, na mpitishe waya mnene hadi sehemu ya kuegesha. Sasa hivi ni gharama ndogo. Huku Uingereza nyumba zilijengwa kabla mtu yeyote hajawaza gari la umeme, na wapangaji wanalipia kosa hilo kila wanapochaji. Sisi bado tunajenga, kwa hiyo nafasi ya kufanya vizuri tunayo.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Leicester.