Wa Pili

Mtu akiacha pombe Bariadi haachi chupa peke yake. Huacha na watu. Majirani wakialikwa kupalilia, mwenye shamba huwaandalia mtungi. Ngoma za Wagika na Wagalu, zinazoshindana baada ya mavuno, hazikuzoea kuchezwa kwa maji matupu. Anayejitoa kwenye kata hujitoa pia kwenye mazungumzo, na jioni huwa ndefu.

Karani mmoja wa kununua pamba aliyajua hayo kabla hajajua lolote jingine kuhusu ugonjwa wake. Msimu ulipofunguliwa na fedha zikaanza kuingia vijijini, alikuwa na sababu ya kunywa na kila mtu. Msimu ulipofungwa, alikuwa na sababu ya kunywa peke yake. Serikali ilipopiga marufuku viroba mwezi Machi 2017, mkewe alidhani dua zimejibiwa. Yeye alihamia kwenye gongo, ambayo imekatazwa na sheria na haijapata kuadimika.

Alijaribu kuacha kwa nguvu zake mwenyewe. Siku ya pili mikono ilimtetemeka hata kikombe cha chai kikamshinda. Siku ya tatu alianguka kama mwenye kifafa, akabebwa hospitali. Huko alielezwa jambo ambalo jamaa wengi hulijua wakiwa wamekwisha chelewa: aliyezoea pombe nyingi kwa miaka hafai kuikata ghafla pasi na daktari kumwangalia. Alitoka akiwa mzima wa mwili. Alichokosa ni mahali pa kukaa ifikapo saa kumi na mbili jioni.

Kikao cha kwanza alikiona Dar es Salaam, alikokwenda kumtembelea binti yake. Palikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa duara, na birika la chai. Hakuna aliyemwuliza yeye ni mwana wa nani. Kwa Msukuma hilo si jambo dogo, kwani kwao “ng'wana”, yaani mtoto wa fulani, hutangulia jina, na kumjua mtu ni kumjua baba yake. Chama chenyewe, Alcoholics Anonymous, kimejiita kwa kutotajana: walevi wasiojulikana majina.

Kisha wakaanza kusema, mmoja baada ya mwingine, “Mimi ni mlevi.” Hapo karibu acheke. Mlevi, katika Kiswahili, ni yule anayepepesuka njiani. Ni jina analotupiwa mtu na wengine, na aghalabu huandamana na jiwe. Mtu mwenye miaka minane bila ya kuonja hata tone, nguo zake zimepigwa pasi, kulisema mwenyewe kwa utulivu, sikio linakataa. (Lipo neno “mraibu”, lakini hilo ni la semina; hakuna mke aliyepata kulitamka mlangoni usiku wa manane.) Ilimchukua vikao vitatu kutambua kwamba wale watu walikuwa wamewanyang'anya majirani zao jiwe. Katika kikao cha nne alilisema na yeye, na sauti ilimkatika katikati ya neno.

Aliporudi Bariadi aliulizia kikao: hospitalini, kwa mchungaji, hata kwa kijana wa duka la simu. Hakuna aliyeweza kumwelekeza. Akampigia simu rafiki aliyempata kule Dar es Salaam, mtu wa Unguja aliyepitia mojawapo ya nyumba za kupatia nafuu zilizoanza kufunguliwa kisiwani mwaka 2009, hasa kwa ajili ya watumiaji wa heroini. Huyo alimsimulia habari ya mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa wa New York, alikwama hotelini baada ya biashara yake kuharibika, na baa ilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama. Badala ya kuingia, alipiga simu akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaelekezwa kwa daktari mpasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa dakika 15, nao wakakaa saa nyingi. Tone la mwisho la Smith huhesabiwa kuwa la tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayoitwa mwanzo wa chama. Ukumbi haukuwapo, wala mwenyekiti.

“Basi, ndugu yangu,” alimalizia yule wa Unguja, “tafuta wa pili.”

Wa pili alikuwa fundi baiskeli, mnywaji mwenzake wa zamani. Walianza kukaa kila Alhamisi nyuma ya karakana, kwenye viti viwili. Kutojulikana kulishindikana tangu siku ya kwanza: mji mzima uliwaona. Ila mji ulidhani ni kikundi cha kukopeshana, na mara mbili wameombwa kuongeza wanachama.

Msimu wa pamba uliofuata, fundi alitoweka kwa wiki tatu. Karani aliendelea kuvitoa viti vyote viwili, akakaa kwenye kimoja, bila ya kumsemesha mtu. Alhamisi ya nne fundi alirudi, macho mekundu, akakaa. Hakuulizwa alikokuwa. Karani alianza kusimulia, kama kawaida, siku aliyobebwa hospitali.

Siku hizi viti ni vitatu. Wa tatu ni kijana mpakia marobota, aliyefika akinuka gongo, akatoa shikamoo na kuuliza kiingilio ni shilingi ngapi. Aliambiwa hakuna, akae.