Shajara ya Nyumba ya Makumbusho, Lamu

Jumatatu, 5 Februari 2024

Shule tatu zimeomba kuja kabla ya Ramadhani. Walimu wanajua kwamba mwezi ukishaandama, shughuli za jikoni zitasimama. Nimezikubali zote, ila nimeomba ziniletee darasa moja moja. Vyumba vya nyumba hii ni vyembamba. Ukiingiza shule nzima, watoto watatoka wameona migongo ya wenzao tu.

Safari hii sitaki kuwatembeza. Mtoto aliyezaliwa mtaa wa Mkomani amepita chini ya milango ya nakshi tangu anabebwa, na shuleni ameshasomeshwa kwamba mji wake uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Asichokijua ni jinsi nyumba ya karne ya 18 ilivyosimamishwa, na jasho lililomwagika kila siku ili watu waishi ndani yake. Hilo atalijua akiwa na kazi mkononi.

Jumatano, 7 Februari

Nimetenga vitu. Kitanda cha kale, viti vya enzi na sahani za kauri kutoka China, hivyo ni vya kutazamwa. Vya kushikwa nimevinunua sokoni au kuviazima kwa majirani: mbuzi za kukunia nazi, kinu na mchi, kifumbu cha kukamulia tui, jiwe la kusagia, ukili wa kusukia mikeka.

Mwenzangu mmoja anaona tunawapa watoto vitu bandia. Sikubaliani naye. Mbuzi iliyochongwa mwaka jana inakuna nazi vilevile, na aliyeichonga yuko hai. Mtoto anaweza kwenda kumwuliza. Hiyo ni faida ambayo kabati la kioo halina.

Alhamisi, 15 Februari

Gredi ya 5 wamekuja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kaskazi ilikuwa ikivuma vizuri, na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kilikuwa na hewa.

Nimewapa boriti moja, mti wa mkoko ulionyooka, na kamba. Kazi yenyewe: chorea chini chumba kipana kuliko vyote kinachoweza kuezekwa kwa boriti kama hii. Walidhani ni mchezo rahisi. Kundi la kwanza lilichora chumba kama darasa lao, wakalaza boriti, haikufika hata nusu. Wakapunguza. Wakasahau kwamba ncha zote mbili lazima zilale juu ya ukuta, na ukuta wa matumbawe ni mnene, basi wakapunguza tena. Mwishowe walibakiwa na upana usiofika mita 3. Nikawaambia waingie ndani wapime msana, kile chumba kirefu kinachopakana na kiwanda. Walirudi mbio. Upana ulikuwa ule ule, kasoro kidogo!

Hapo nilinyamaza, wakaendelea wenyewe. Mvulana mmoja akasema tuunganishe boriti mbili, katikati tuweke nguzo. Msichana aliyekaa kando akamjibu kwamba nguzo katikati ya msana itawazuia wageni. Fundi wetu wa chokaa, mzee ambaye haongei sana, akaangua kicheko cha furaha: "Ndoo hapa, mwanangu. Huko msikitini umeona nini?" Mtoto akafikiri. Nguzo. Msikiti unahitaji upana wa safu za watu, kwa hiyo ukakubali nguzo. Nyumba ikakataa, ikachagua urefu. Ndiyo sababu misana inafuatana kutoka kiwandani, mmoja nyuma ya mwingine, hadi ndani kabisa. Sikumwambia mtu yeyote jambo hili. Walilipata kwa kamba.

Kisha nikawaambia kwamba boriti kutoka misitu yetu ya mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu, zikaezeka nyumba za huko pia. Mmoja akauliza kama vyumba vya huko navyo ni vyembamba. Swali zuri kuliko maelezo yangu.

Jumanne, 20 Februari

Chokaa na zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Fundi alieleza tanuri: mawe ya matumbawe yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa hadi yalainike, kisha yanazimwa kwa maji na kuachwa miezi kadhaa. Chokaa isiyozimwa inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo tumetumia ya pipani iliyokwishatulia, na glavu kwa kila mtoto. Kila kundi lilipigia ubao wake lipu na kukata kidaka kimoja kwa kisu. Vingi vilibomoka pembeni. Walipopanda ndani na kuviona vile vya ukutani, safu juu ya safu, hakuna aliyehitaji kuambiwa asiguse.

Birika nililipitia haraka. Samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kauri chini ili wasife maji yakipungua: hilo watoto hulipenda bila msaada wangu.

Jumatano, 21 Februari

Leo jikoni. Wamekuna, wametwanga, wamekamua, wamechota maji na kuyabeba. Baada ya muda mikono ikaanza kuuma na utani ukapungua. Ndipo msichana mmoja, mchi bado mkononi, akauliza: "Mwenye nyumba alikuwa akitwanga mwenyewe?"

Nikamjibu kweli. La. Katika nyumba kubwa kama hii kazi hizi zilifanywa na watumwa. Wengine walilima mashamba ya wenye mji huko bara, ng'ambo ya maji. Nyumba nyingi za ghorofa, chini palikuwa pa kuwekea mali na makazi ya watumwa. Niliwapa na miaka: mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini hapa pwani ya Kenya utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1907.

Mwalimu aliyekuwa mlangoni hakufurahi. Alinivuta kando kwa adabu, akasema hayo ni ya sekondari, na wazazi watanung'unika. Namwelewa. Katika darasa lile wamo wajukuu wa pande zote mbili, na mji ni mdogo. Lakini aliyeuliza ni mtoto, na aliuliza kwa sababu mabega yake yalikuwa yamechoka. Nikimjibu kwa hadithi ya mapambo na ubani, nitakuwa nimemtwangisha bure.

Ijumaa, 23 Februari

Baada ya sala nimekwenda kwa bibi jirani aliyeniazima kinu. Nilimweleza yote. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema: "Semani kazi, mwanangu. Msitaje nyumba za watu." Nimelichukua shauri lake kama lilivyo. Tutataja kazi, chumba, mwaka na sheria. Ukoo wa mtu hatutaugusa.

Na jambo jingine nimeliamua mwenyewe: hakuna kuigiza. Kuna waliopendekeza tuwagawe watoto, wengine mabwana, wengine watumwa, ili "wahisi". Sitaruhusu. Mtoto atakayepewa utumwa leo ataitwa hivyo njiani kesho. Kila mtoto afanye kila kazi, kisha tukae pamoja dakani, kwenye baraza ya mlangoni, tuulizane nani aliifanya, kwa ujira gani, na kwa nini.

Jumanne, 27 Februari

Shule ya pili. Mpango mpya umekwenda vizuri. Tulianza na maji, tukapita jikoni, boriti, kidaka, kisha daka. Niliuliza tu: nyumba hii ina alama za nani? Wakataja mwenye mali, seremala, fundi wa lipu, baharia aliyeleta sahani. Kimya kidogo, kisha mtoto wa nyuma akasema: "Na aliyebeba mawe." Tukakaa na huyo kwa muda uliobaki wote. Walitaka kujua alikula nini, alilipwa au hakulipwa, alipoachwa huru alikwenda wapi. Mwalimu wao aliandika maswali yote daftarini.

Jumamosi, 2 Machi

Mwalimu yule wa tarehe 21 amenitumia ujumbe. Wazazi wawili walimwuliza, akawaeleza kilichosemwa, hawakuwa na neno. Anaomba kuleta Gredi ya 6 muhula wa pili, na anataka tuandae pamoja ukurasa mmoja wa kusomwa darasani kabla ya safari, 1873 na 1907 zikiwemo. Nimemkubalia, tukutane wiki ijayo.

Asubuhi nakwenda kwa fundi. Chokaa iliyobaki pipani haitoshi darasa zima, na tusipochoma sasa haitakuwa imetulia watakapokuja.