Chombo na Nyenzo Zake

Wazee wa pwani walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na walipokuwa wakisema walikuwa na jahazi mbele ya macho yao, limelala mchangani, likisubiri magogo ya kulibingirishia majini. Methali hiyo ilipata kazi mpya katika nyumba moja ya Michenzani, Unguja, kwa ajili ya gari la rimoti lisilotimia urefu wa dhiraa moja.

Gari lenyewe lilitoka Maskati, zawadi ya ami kwa mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka 13. Lilikuja vipande vipande ndani ya boksi, pamoja na rimoti na betri. Lilikuwa ni pikapu ya Midnight Pumpkin, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na Tamiya, kampuni ya mji wa Shizuoka, Japani, ambayo gari lake la mwanzo la rimoti lilitoka mwaka 1976. Tafsiri ya jina lake ni Boga la Usiku wa Manane, na umbo linastahiki jina: bodi nono ya mtindo wa kale juu ya matairi manene kama maandazi. Chasisi ni fupi, kimo ni kirefu, na mota imekaa nyuma pamoja na gia, kwenye magurudumu yanayosukuma. Likipewa moto kwa ghafla, pua hunyanyuka, na gari likasimama kwa miguu ya nyuma kama farasi. Hiyo ndiyo raha yake, na hiyo ndiyo aibu yake.

Babu wa kijana huyo alikuwa fundi wa mashine za boti kwa zaidi ya miaka 40, mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka. Karakana ikafungwa, bisibisi zikatiwa mkebeni, mkebe ukasukumwa mvunguni mwa kitanda, na mzee akawa mtu wa barazani asiyependa kuulizwa habari za ufundi.

Kijana aliliunda gari kwa siku mbili, mbio mbio. Katika uwanja wa Mnazi Mmoja likavuta kushoto, likarukaruka nyuma kama mbuzi aliyefungwa, kisha likapinduka mbele ya wenzake. Usiku ule alimwendea babu yake.

"Babu, nataka kumwomba ami alete mota yenye nguvu zaidi. Akiba ninayo."

"Mjukuu wangu, hii uliyonayo imeshakuangushia gari. Ya pili itakuongezea nini ila kishindo?"

Mzee hakushika kitu. Aliamuru tu, na kijana akawa mikono yake.

Kwanza aliambiwa azungushe gurudumu kwa kidole. Lilizunguka kidogo likasita. Ekseli zilikuwa zikizungukia ndani ya bushi za plastiki, na mchanga ulikwishaingia. Bushi husuguana na chuma, na msuguano hula umeme wa betri na kuupoteza kuwa joto. Beringi ina vigololi ndani yake, navyo hubingirika. "Hizo ndizo nyenzo," alisema mzee. Akiba ya mota ikaagiza beringi, na shokapu za mafuta.

Wakati vifaa vikingojewa, walitazama usukani. Kosa lilikuwa jepesi: kijana alifunga mkono wa servo kabla ya kuiwasha. Inatakiwa rimoti iwashwe, kisha gari, trimu iwekwe katikati, servo ijipange yenyewe, ndipo mkono wake ufungwe huku magurudumu yakitazama mbele. Trimu ni ya kurekebisha upungufu mdogo uliobaki. Si ya kuficha kazi mbovu.

Vifaa vilipofika, kijana alifahamu kwa nini gari lilikuwa likiruka. Shokapu za mwanzo zilikuwa springi tupu. Springi hupokea pigo na kulirudisha. Mafuta ndiyo yanayolimeza. Yakiwa mepesi mno, gari huendelea kuruka. Yakiwa mazito mno, gurudumu huchelewa kurudi ardhini. Nyuma waliongeza shokapu ya tano, dawa inayojulikana na wenye magari ya chasisi hii, ili sanduku la gia lisijipinde mota inapovuta. Mbele, chini kabisa, wakafunga machubwi mawili ya mshipi wa kuvulia, pua ipate uzito.

Kila badiliko lilijaribiwa peke yake, maana anayebadili mambo matatu kwa pamoja hajui lipi lililomponya wala lipi lililomdhuru. Baada ya kila mwendo mota iliguswa. Ikishindikana kuiwekea kidole, gari lilipumzishwa. Watunzi wa mashairi wanaijua shule hii: ubeti uliopotoka mizani haunyooki kwa kutiwa maneno makubwa.

Jioni moja gari lilikwenda uwanja mzima bila kupinduka. Kijana akampa babu yake rimoti. Mzee alikataa, kisha akaipokea. Gari likaanza kuyumba kushoto na kulia, kwa kuwa kila mtetemeko wa mkono uliteremka hadi kwenye magurudumu. Mzee akairudisha.

"Gari limepona. Ubovu uko huku."

Kijana hakujibu. Kwenye rimoti palikuwa na kirungu kidogo cha kupunguza pembe ya usukani. Alikizungusha kwa kadiri, akairudisha rimoti mikononi mwa babu yake, akasimama pembeni. Sasa mkono ulitetemeka vilevile, lakini magurudumu yalisikia sehemu ndogo tu. Boga likaenda taratibu, likazunguka kwa duara pana mpaka karibu na miti ya barabarani, likarudi na kusimama miguuni pa mzee.

Mota mpya haikuagizwa. Siku ya pili mkebe wa bisibisi ulitolewa mvunguni, na mzee akauliza kama miongoni mwa wale watoto waliocheka yupo mwenye gari bovu.