Michezo Humkomaza Mwanamke

Wako wazazi hapa Nyakabuye wanaodhani kuwa mpira humpotosha msichana. Mimi naona kinyume chake. Katika wasichana niliopata kuwafundisha, waliozoea uwanja ndio waliothubutu kusimama na kusema mkutanoni, kwani mchezo huwafunza kuamua upesi na kushindwa bila kinyongo.

Tazameni Salima Mukansanga, mzaliwa wa Rusizi yetu. Januari 2022, mjini Yaoundé, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, Zimbabwe ilipopambana na Guinea. Wanaume 22 waliitii filimbi yake.

Basi, ndugu wazazi, tuwagawie watoto wote kazi za nyumbani, wa kiume kwa wa kike, ili jioni binti naye apate nafasi ya kucheza.