Tukuyu: Sura tunaziona, majina hatuna

Ukitoka Mbeya kuelekea Kyela, baada ya kilometa kama 70 unaingia Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Ni mji wa baridi, ukungu, migomba na chai. Sokoni utakutana na kina Lusajo, Tusekile na Subilaga. Majina ya Kinyakyusa hubeba ujumbe: Lusajo ni baraka, Tusekile ni tumefurahi.

Wajerumani waliuita mji huu Neu-Langenburg, na Wanyakyusa wakawaita Wakonde. Kati ya wageni wa enzi hizo alikuwamo daktari wa jeshi, Friedrich Fülleborn. Alipiga watu picha na kuwapima miili. Mwaka 1902 alichapisha kitabu cha vipimo hivyo, na 1906 kingine kuhusu nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma. Vipimo hivyo havikuwa vya kumtibu mtu. Vilikuwa vya kumpanga kwenye kabila. Ndiyo maana leo tunaona sura, mapambo na nyumba za mianzi, lakini mara nyingi jina la mwenye sura halipo. Mtu wa Rungwe anaweza kumtazama babu wa babu yake asimjue.

Mtindo huo ulikuwapo India mapema zaidi. Maofisa wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki waliwaagiza wachoraji wa huko seti za picha za rangi: dobi, mfinyanzi, mfumaji, mchota maji, kila mmoja na vifaa vyake, mara nyingi na mkewe pembeni. Picha zilipendeza, ila mtu aligeuka kuwa kazi na tabaka lake. Kamera nayo ikafuata njia hiyohiyo: kati ya 1868 na 1875 serikali ya kikoloni ilitoa juzuu 8 za picha, The People of India.

Katika kuandika habari za afya najua jinsi mama mwenye jina anavyogeuka haraka kuwa "mjamzito wa kitanda cha tatu". Nyumbani pia hutokea: "yule dada wa kazi", "yule muuza ndizi".

Mzazi, wikiendi hii toa albamu. Kaa na bibi au babu, andika nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka. Zilizo kwenye simu, zipe majina pia. Na mkifika soko la Tukuyu, mfundishe mtoto asalimie kwanza, "Ugonile", aulize jina, aombe ruhusa, ndipo apige picha.