Lenzi Mbili Zinatosha: Disney na Familia Bila Kubeba Studio Mgongoni

Ukitaka kupima uvumilivu wa ndoa yenu, usisubiri matatizo ya pesa. Nendeni Disney World mwezi wa Julai na watoto wawili, halafu mmoja wenu abebe begi la kamera lenye lenzi nne. Majibu mtayapata kabla ya chakula cha mchana.

Sisi tulifanya hivyo mwaka 2019. Shemeji yangu anaishi Tampa, jimbo la Florida, na kutoka kwake hadi Walt Disney World, karibu na Orlando, ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari. Sisi tuliokulia Dar tuliliona lile kasri kwenye mikanda ya video tu. Nikajiambia safari kama hii huenda isijirudie, kwa hiyo nikapakia kila lenzi niliyokuwa nayo: pana, ya kati, ndefu, na moja ndogo ya usiku.

Siku ya kwanza tulikuwa Magic Kingdom, bustani ya kwanza kabisa pale, iliyofunguliwa Oktoba 1971. Binti yetu wa miaka 6 alipanda na mama yake kwenye tembo Dumbo, wale wanaozunguka hewani na mtoto mwenyewe huwapandisha na kuwashusha kwa mkono wa chuma. Mimi nilibaki chini na mdogo wake. Nikaona lenzi iliyomo ni pana mno, tembo anaonekana kama nzi. Nikaitoa, nikachimba begi, nikafunga ile ndefu. Kuinua macho, tembo wanatua.

Binti akaja mbio. "Baba, uliniona nilivyopaa?"

Nikasema ndiyo. Mke wangu aliniangalia tu. Usiku, watoto wakiwa wamelala, ndipo akaniuliza taratibu, "Baba watoto, hivi umekuja na sisi au umekuja na hilo begi?"

Jamani, sikuwa na jibu. Asubuhi nikaacha lenzi mbili hotelini, na hizi mbili zilizobaki ndizo ninazokushauri uende nazo.

Ya mchana: moja inayofanya yote

Kama kamera yenu ni ile ya kawaida ya kubadilisha lenzi, yenye sensa ya ukubwa wa kati, chukua lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 135 au inayokaribia hapo. Kwenye 18 familia nzima inaingia, kwenye 135 unapata sura ya mtoto akiwa juu ya Dumbo, na hufungui kamera hata mara moja.

Picha ya kasri nayo ina siri yake. Kasri la Cinderella lina urefu wa futi 189, karibu mita 58. Wengi hulisogelea kwa lenzi pana, mwisho wanapata miguu ya kasri na vichwa vya watu. Wewe rudi nyuma hadi katikati ya Main Street, waweke wapendwa wako mbele yako, kisha vuta hadi milimita 50 hivi. Kasri litaonekana limesogea hadi nyuma ya mabega yao.

Ya gizani: ndogo na nyepesi

Michezo mingi mizuri iko ndani, gizani, kama Pirates of the Caribbean na Haunted Mansion, na flashi hairuhusiwi humo. Hapa ndipo lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8 inapolipa. Ile ya kuvuta, ukiivuta mpaka mwisho, mara nyingi hufunguka hadi f/5.6 tu. Hii ndogo hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Ndiyo hiyo hiyo utakayotumia jioni, taa zikiwaka na uso wa mtoto ukitazama fataki. Fataki zenyewe kila mtu anazo kwenye simu. Uso wa mwanao hauna mwingine.

Stendi kubwa ya miguu mitatu iache nyumbani, na fimbo za kujipigia picha zilipigwa marufuku pale tangu 2015.

Harambe, Florida

Siku ya pili tulikwenda Animal Kingdom, iliyofunguliwa 1998. Humo kuna kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe. Wabunifu wake walichota sura ya Lamu: kuta za mjini pwani, milango, mabango ya Kiswahili. Binti yetu alianza kusoma mabango kwa sauti na wageni wakageuka kumtazama. Mwenyewe hakuamini kuwa lugha ya nyumbani imefika huko.

Tukapanda gari la Kilimanjaro Safaris, linalozunguka eneo la ekari 110 lenye wanyama halisi. Gari linarukaruka si mchezo, kwa hiyo weka kasi ya kamera 1/500 au zaidi, vinginevyo twiga atatoka ukungu mtupu. Twiga tuliwapata vizuri. Simba alikuwa mbali juu ya mwamba na 135 haikumfikia. Nikacheka. Mtu atoke kwenye nchi ya Serengeti aje kulilia simba wa Florida?

Kabla ya kutoka hotelini

Joto la Florida lina unyevu kama wa Dar mwezi wa Machi. Ukitoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaiwasha nje papo hapo, kioo kinapata ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto taratibu. Beba pia mfuko wa nailoni, maana majira ya joto mvua ya alasiri ni jambo la kawaida.

La mwisho ni kwenu wawili. Pangeni zamu, saa moja kwako, saa moja kwa mwenzako. Siku ya kwanza nilipiga picha zaidi ya mia tatu na mimi simo hata moja. Siku ya pili kamera ilikuwa kwa mke wangu tulipofika Harambe mara ya pili, mvua ikinyesha. Picha iliyopo sebuleni kwetu aliipiga yeye: mimi na binti yetu tumelowa, ananisomea bango, na mimi namsikiliza, mikono mitupu.

Safari njema, na chaja msiisahau.